Komandi ya lsblk inaandika "running" wakati diski inakata roho, na nyie mnaotufundisha hivyo mmetuponza

Wakuu habari za sa hizi. Nina hasira kwa hiyo mnivumilie, ni saa nane usiku niko ofisini Sinza peke yangu, mbele yangu kuna mashine inahangaika kuokoa diski na sina pa kuyapeleka haya maneno zaidi ya hapa.

Kazi yangu ni kuediti video, harusi, send-off, kipaimara, mpaka misiba. Tuna seva moja ya Ubuntu (Linux), ndani ina diski ngumu, yaani hard disk, ya TB 4 ndo inabeba kazi zote ambazo wateja hawajakabidhiwa. Mimi IT sijasomea, nimejifunza kwa kuuliza watu, na kitu cha kwanza nilichofundishwa, humu na kwenye magrupu ya WhatsApp, ni kwamba ukitaka kujua diski zako zikoje piga lsblk, ukitaka na hali yake ongeza safu ya STATE, ukikuta running basi we lala usingizi. Kwa hiyo kila Jumatatu nikifungua ofisi, kabla hata ya chai, nilikuwa napiga hii:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,STATE

Na kila Jumatatu sdb, ndo jina la ile diski kwenye mashine, inanijibu running. Miezi yote hiyo, running.

Mwezi uliopita ikaanza kuwa nzito. Faili la GB 20 nililozoea kulihamisha kwa dakika mbili tatu likawa linakula nusu saa, mara linasimama kabisa halafu linaendelea. Nikauliza kwenye grupu. Fundi mmoja anayeheshimika sana kule akaniuliza state inasemaje, nikamtumia picha ya skrini, akajibu "diski nzima hiyo mkuu, badilisha kebo". Nikaenda nikanunua kebo. Tatizo liko palepale. Mwingine akasema piga smartctl -H, komandi inayosoma SMART, yaani rekodi za afya ambazo diski inajiwekea yenyewe, umalize ubishi, nikapiga, ikaandika PASSED kwa herufi kubwa. Nikamshukuru nikarudi kazini, wiki mbili nyingine nikaendelea kuikamua ile diski kwa kuandika mafaili mapya juu yake.

Jumanne wiki hii ikaanza kulia. Tik, tik, tik, halafu krrr, kimya, halafu inaanza upya. Nikapiga lsblk haraka mikono inatetemeka. Wakuu, ilikuwa bado inaandika running.

Sasa niwaambie ndani yake kuna nini. Kuna harusi ya Tegeta, baba wa bibi harusi alisimama akapewa maiki akaishika kwa mikono miwili akamuusia binti yake dakika kama 11 hivi, ukumbi mzima kimya mpaka wapishi walitoka nje wakasimama mlangoni kusikiliza. Wiki tatu baadaye yule mzee akafariki. Arobaini yake ni Jumamosi hii. Mama mwenyewe alikuja jana, kapanda daladala kutoka Tegeta kwenye jua lile, nikamwamkia akaitikia, akatoa leso akaifungua taratibu pale mezani, ndani yake kuna flashi ya GB 16. Akaniambia, "Mwanangu niwekee tu hapa baba yao akiongea, hayo mengine sina haraka nayo." Nikamwambia mama mashine ina shida kidogo nipe siku mbili. Akasema sawa, akaniachia na flashi. Iko hapa pembeni ya kibodi naiangalia.

Najua mtauliza bakapu. Hatukuwa nayo, diski ya pili ilikuwa kila mwezi inasogezwa mbele, na kadi za kamera zilishafutwa kwa ajili ya kazi nyingine. Hilo ni kosa letu na nalibeba. Lakini ningejua diski ni mgonjwa mwezi ule ule ilipoanza kuwa nzito ningekopa hata kwa jirani nikahamisha. Sikujua kwa sababu niliambiwa ni nzima, na nimeambiwa mara mbili.

Siku hizi mbili nimesoma kuliko nilivyowahi kusoma maishani. Kumbe lsblk haiulizi diski kitu chochote! Inasoma tu taarifa ambazo kerneli, yaani kiini cha Linux, imeshaziandika kule /sys pamoja na rekodi za udev, programu inayotunza orodha ya vifaa, basi. Ni kama mjumbe anayekuandikia majina ya wapangaji wote wa nyumba bila kubisha hodi chumba hata kimoja, atakuandikia na wa chumba cha nyuma ambaye ana siku tatu hajainuka kitandani. Na hiyo running maana yake ni kwamba kerneli bado inakubali kuipelekea diski amri, haijakata tamaa nayo. Itageuka offline pale ambapo diski imegoma kujibu na kerneli imejaribu kuiamsha ikashindwa, yaani ukishaiona offline unaangalia maiti. Ukiwa na NVMe, zile SSD za kasi, hapo inaandika live, na yenyewe ni hadithi hiyo hiyo. Hata wa Windows msijione mko salama, ile Online ya diskpart, komandi yenu ya diski, ukipiga list disk nayo haijapima afya ya mtu.

Kwa hiyo lsblk imefanya kazi yake, ya kuorodhesha. Ila neno running kwa mtu wa kawaida ni "inafanya kazi vizuri", na anayekufundisha hiyo safu bila kukwambia haihusiani na afya anakuchimbia shimo.

Hiyo PASSED ndo imeniuma zaidi maana smartctl kweli inaongea na diski yenyewe. Shida ni kwamba -H inaleta hukumu ya jumla tu, kwa viwango alivyoweka mtengenezaji mwenyewe. Nimepiga smartctl -a jana, nikakutana na hii:

197 Current_Pending_Sector ... 312

Sekta, yaani vipande vidogo vya diski, 312 ambavyo imejaribu kuvisoma ikashindwa na inasubiri kuona itavifanyaje. Angalia safu ya THRESH kwenye mstari huo huo, imeandikwa 000. Kizingiti sifuri! Maana yake huo mstari hata ufike elfu ngapi hauwezi kuiangusha diski, itaendelea kuandikwa PASSED. Mstari wa 5, Reallocated_Sector_Ct, yaani sekta mbovu ambazo diski imeshazibadilisha na za akiba, ulikuwa na 48. Kwenye dmesg, yaani kumbukumbu za kerneli, mistari ya I/O error, dev sdb, ya kushindwa kusoma au kuandika, imejaa, ya zamani zamani, ya kabla hata sijanunua kebo. Jibu lilikuwepo muda wote na hakuna aliyeniambia niliangalie.

Kuna na hili la muuzaji. Hii diski ilinunuliwa Kariakoo miaka miwili iliyopita, kwenye boksi, tukaambiwa mpya na tukalipa bei ya mpya. Power_On_Hours, masaa ambayo diski imewahi kuwashwa, inasoma 31,000 na kitu. Miaka miwili hata isizimwe dakika moja ni masaa 17,520. Piga hesabu mwenyewe. Tungepiga komandi moja siku ile ile ya kununua tungeirudisha, lakini tulipiga lsblk, tukaona TB 4 ipo, tukafurahi.

Na kuna utafiti wa wahandisi wa Google wa 2007, waliangalia diski zaidi ya laki moja. Walikuta diski ikishatoa kosa la kwanza la skani, yaani imejikagua ikakuta sehemu yenye kosa, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ile ambayo haijatoa. Pia wakakuta zaidi ya asilimia 56 ya zilizokufa hazikuonyesha dalili yoyote kwenye zile namba nne kubwa za SMART. Kwa hiyo hata namba zikiwa sifuri huna uhakika, lakini zikishaanza kupanda unakimbia siku hiyo hiyo, hubadilishi kebo. Yangu ilitoa dalili zote, ikapiga kelele, nikaambiwa diski nzima hiyo mkuu.

Nawaomba sana, mtu akiuliza diski yake inaendaje mwambieni apige smartctl -a asome mstari wa 5, 187, 197 na 198, ile inayohesabu sekta mbovu na makosa yasiyosahihishika, na kama iko kwenye kava la USB ikagoma ajaribu kuongeza -d sat. Msimwambie lsblk akaishia hapo. Yeye hajui, anawaamini.

Sa hivi nimeiweka kwenye ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, na faili la ramani linalokumbuka kipi kimesomeka na kipi bado, raundi ya kwanza imemaliza kuchukua sehemu rahisi, imesoma asilimia 97.8, imebaki kukwangua sehemu mbovu. Nimejaribu kufungua video ya mzee kutoka kwenye nakala, dakika nne za mwanzo zipo safi kabisa, picha na sauti, halafu inaganda akiwa amefungua mdomo, inarukia dakika ya tisa.

Swali langu kwa anayejua kweli: niiache iendelee na -r3, yaani irudie sehemu mbovu mara tatu, usiku kucha au niizime ipoe kwanza, maana ikifika kwenye hizo sekta inalia sana na naogopa kichwa cha kusomea cha diski kisije kikakwama kabisa. Na kama kuna mtu hapa Dar anafungua diski kwenye chumba safi cha kweli, kile kisicho na vumbi, sio juu ya meza ya kutengenezea simu, aandike hapa chini. Nina mpaka Ijumaa jioni.