Kitufe cha # kwa Kihispania: gato, numeral au almohadilla?

mtafsiri_wa_usiku
Wakuu naombeni msaada. Natafsiri maelekezo ya simu ya huduma kwa wateja, yale ya "bonyeza moja, bonyeza mbili", nimekwama kwenye kitufe kimoja tu. Mimi nilifundishwa # ni almohadilla nikajua imeisha hiyo. Sasa rekodi ya Meksiko dada anasema "marque su clave seguida de la tecla gato" (yaani ingiza namba yako ya siri kisha kitufe cha gato), nikarudisha nyuma mara tatu maana gato ninayoijua mimi ni paka, nikahisi labda sauti imekatika. Nafungua ya Kolombia nakuta "tecla numeral". Ni kitufe kilekile kweli? Na nikiambiwa niandike Kihispania kimoja cha wote niweke lipi?

Bi_Kamusi
Kilekile ndugu yangu. Hiyo gato ni mchezo, ule wa kuchora mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala halafu mnashindana nani ataanza kupanga X tatu au O tatu. Meksiko na Chile mchezo huo unaitwa gato, na ukishachora uwanja wake mtupu hapo ndo ushachora #. Hispania mchezo huohuo ni tres en raya, Argentina ni ta-te-ti, kwa hiyo kwao neno gato halina njia ya kufika kwenye kitufe. Argentina wanasema numeral kama hao wa Kolombia, maana alama yenyewe iliwekwa mbele ya namba. Almohadilla nayo ni kimto, almohada ni mto wa kulalia (asili yake Kiarabu) na hiyo -illa ni ya kukifanya kidogo. Kila mmoja katazama umbo akaona chake, sisi tukaona reli. Mimi napenda sana vitu hivi jamani.

fundi_lugha
Ongezea Marekani, wanaoongea Kihispania kule utawasikia wanasema tecla de libra, yaani ratili, kwa kufuata Kiingereza cha huko (pound). Hilo uwe nalo makini, ukimpelekea mtu wa Hispania libra anaweza akaanza kutafuta £, maana libra ni pauni ya pesa pia. Na usichanganye na sostenido ya muziki (alama ya kupandisha noti), ile ♯ mistari yake ya kulala ndo imepanda kidogo na ya kusimama imenyooka.
Kuhusu neno moja la wote, mimi nasema usiandike. Mtu yuko kwenye simu, kiganja kimeshika kadi, hana muda wa kubahatisha.

Bi_Kamusi
Naunga mkono. Kwenye maandishi weka # yenyewe, kwenye sauti fuata nchi. Ukilazimishwa kabisa chukua numeral, angalau haimpeleki mtu kwa paka wala kwenye mto.

mwanafunzi_milele
Samahani naingilia, na @ nayo ina majina mengi hivyo?

Bi_Kamusi
Hapana mwanangu, hiyo wamekubaliana, ni arroba kote. Na hapo pazuri: arroba ni kipimo cha zamani cha uzito, ratili 25, kule Castilla, Hispania, ilikuwa kama kilo 11 na nusu hivi. Ni robo ya kwintali ya ratili 100, na neno limetoka Kiarabu ar-rub, hiyohiyo iliyotupa sisi robo. Wafanyabiashara walikuwa wanaifupisha kwa @ karne nyingi kabla Ray Tomlinson hajaichukua kwa ajili ya barua pepe mwaka 1971. Kwa hiyo ukiandika anwani yako, katikati pale pana robo.

mtafsiri_wa_usiku
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemwandikia mteja kakubali matoleo matatu, gato ya Meksiko, numeral ya Kolombia, almohadilla ya Hispania. Nyota nimeiacha asterisco kote. Kwenye anwani ya tovuti rekodi ya Meksiko inasema "diagonal" pale kwenye /, nadhani Hispania niweke barra?

fundi_lugha
Barra, ndiyo. Diagonal iache Meksiko.