Mrejesho: mtoto anayeyumba

Wazazi wenzangu, niliwauliza kuhusu kijana wangu anayeharisha kila mara na kuyumba akipanda kilima cha Kadutu. Wengine mlisema minyoo, wengine karogwa (haya!). Daktari hapa Bukavu alianza na choo: kinaelea? Kinang'aa mafuta? Ndiyo. Akamgonga goti kwa kinyundo, mguu haukuruka. Kumbe utumbo haufyonzi mafuta vizuri, na vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja nayo. E ikikosekana kwa muda mrefu, mishipa ya fahamu huharibika. Sasa anapewa vitamini E, huku utumbo wenyewe ukitibiwa. Kuharisha kumepungua. Mwendo bado, ila kikombe cha chai anakishika bila kumwaga. Mama mkwe angali anadai ni minyoo.