Tupeane uzoefu: mzee wa boma alipoondoka, nini kilifuata kwenu?

Mleta mada
Wakuu, nimetoka kuzika kijijini kwa jirani yetu. Pale makaburini msemaji wa familia alipouliza kama yupo anayemdai marehemu au anayedaiwa naye, watu wakanyamaza, na wanawe wakatazamana. Nikamkumbuka baba mkubwa. Mnawajua wazee wa aina ile: ng'ombe hauzwi mpaka aseme yeye, posa haipokelewi hajakaa kwenye kigoda, mpaka wa shamba anaujua kwa mti. Alipoondoka ndipo tukagundua kwamba boma zima lilikuwa kichwani mwake. Waliopitia hili karibuni tuelezane, hasa kilichotokea baada ya turubai kushushwa.

Mwanakihamba
Kwetu Moshi mipaka ni masale, ile mimea inayopandwa mpakani. Baba alikuwa na kawaida ya kuizungukia asubuhi kabla ya chai, akiona sale limelegea analishindilia kwa kisigino. Alipofariki, tukiwa bado tunapokea wageni wa msiba, masale ya upande wa chini yalisogea ndani ya kihamba chetu, shamba la nyumbani. Hakuna aliyeona mtu. Udongo tu ndio ulikuwa mbichi.

Mpare Halisi
Masale kutembea usiku hayajaanza kwenu. Pole mkuu.

Binti Mkubwa
Nilikuwa nasoma tu, lakini hili la makaburini limenigusa, acheni niseme.

Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji, huku kwetu Shinyanga. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 ilimtoa kwenye shamba lake akahamishiwa kijijini pamoja na wenzake, na miaka iliyofuata akarudi kulima kulekule kwa zamani. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, baba alikuwa hajui hata herufi moja. Aliingia kisomo na watu wazima wenzake, wakikaa chini ya mti jioni wakitoka shamba. Tangu hapo mtu hajamwona akiweka dole gumba. Hata karatasi ya mchango wa shule aliandika majina yake matatu, polepole, ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya mdomo, na sisi watoto hatukuruhusiwa kupiga kelele mpaka amalize.

Ugonjwa aliuficha. Ilikuwa saratani ya tezi dume. Alikuwa akiamka usiku mara kwa mara, mama akadhani anakagua zizi. Mimi nilimwona anakonda, ila mtoto wa kike unamuulizaje baba yako habari za mkojo? Kaka zangu nao waliona haya. Siku mkojo ulipoziba kabisa ndipo alipokubali kupakiwa kwenye gari. Huko hospitali akawekewa mpira wa mkojo, tukaambiwa ugonjwa umeshafika kwenye mifupa. Akasema kwa sauti ileile ya kugawa kazi, "Nirudisheni nyumbani, nisije nikawapa gharama ya kusafirisha maiti." Alifia kitandani kwake. La mwisho aliloniuliza ni kama yule mtamba mwekundu ameshaingia zizini.

Sasa sikilizeni. Udongo umeshafukiwa, msemaji anauliza madeni, anasimama mtu tunayemfahamu, amekula kwetu tangu sijaolewa. Anatoa karatasi mfukoni. Anasema shamba la mtoni liliwekwa rehani kwake, muda wa kulikomboa umepita, kwa hiyo ni lake. Baba wadogo wanaipokea, wanatikisa vichwa, mmoja anasema tusimwaibishe marehemu, tumalize kiungwana. Mama ameinamisha kichwa na kanga yake. Nikaomba niione. Chini ya karatasi, palipoandikwa jina la baba, kulikuwa na alama ya dole gumba.

Mleta mada
Mungu wangu.

Kijana wa Ilala
Usituache hapo dada! Ikawaje?

Mwanakihamba
Naomba wote tumsubiri, mimi masale yangu yanaweza kungoja.

Mkongwe wa Ukoo
Poleni na msiba, lakini niseme ukweli. Binti aliyeolewa kuomba karatasi za ardhi makaburini ni kuvuka mipaka. Baba wadogo walikuwepo. Ardhi ya ukoo ina wenyewe.

Mama Wawili
Wenyewe ni akina nani? Baba ni wake, mama aliyeinama pale ni wake. Wewe ungekubali shamba liende kwa karatasi ya uongo ilimradi mwanamke asifungue mdomo?

Mkongwe wa Ukoo
Sijasema hivyo. Nasema kuna utaratibu. Mila zimeandikwa tangu 1963 na Serikali yenyewe.

Mtembea Mahakamani
Mzee wangu, zimeandikwa ni kweli, na zilimpa binti daraja la mwisho la urithi na mjane zikamwambia atunzwe na wanawe. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Na kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza chini ya Jaji Mwalusanya ilimpa haki bibi Holaria Pastory wa Kagera, aliyeshitakiwa na ndugu yake kwa kuuza shamba alilorithi kwa baba yake. Hoja iliyotumika dhidi yake ni hiyohiyo unayoileta.

Mkongwe wa Ukoo
Kesi za mjini hizo. Kijijini tunaishi na watu.

Mama Wawili
Kagera ni mjini?

Binti Mkubwa
Nimerudi. Pale makaburini sikupiga kelele. Nilisema tu, "Baba alikuwa anaandika." Mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyekaa naye darasa moja la kisomo, akaichukua karatasi, akaitazama sana, akasema na yeye haelewi. Watu wakaanza kunong'ona. Mwenye karatasi akadai siku hiyo mzee alikuwa anaumwa mkono. Nikamjibu vizuri, tutakwenda polisi alama ilinganishwe na ile aliyotoa alipojiandikisha kupiga kura, walipomchukua vidole. Hakukaa kula. Karatasi ilibaki kwa mwenyekiti, na mpaka leo hajaja kuidai. Shamba la mtoni analima mama.

Baba mdogo mmoja hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo. Hilo linaniuma kuliko lile shamba.

Kijana wa Ilala
Dada, baba yako amekulindia shamba kwa ule mwandiko wake.

Mzaramo wa Pwani
Funzo ni moja, wazee waandike wosia. Sisi Waislamu wosia hauzidi theluthi ya mali na haumpi mrithi, kinachobaki kinagawanywa kwa mafungu yake. Marehemu babu aliandika, tukamaliza bila kesi.

Mpare Halisi
Sikubaliani. Wosia ndio uliotuvunja sisi. Ulisomwa, wakubwa wakasema mzee alishikwa mkono na mke mdogo. Bora asingeandika.

Mtembea Mahakamani
Mashahidi walikuwa akina nani? Kimila anayejua kusoma anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma, au anayesema kwa mdomo, wanne: wawili wa ukoo, wawili wa nje. Wosia ulioshuhudiwa na mke mdogo na kaka yake lazima ulete maneno.

Mpare Halisi
Ndivyo ulivyokuwa. Mke mdogo na kaka yake.

Kijana wa Ilala
Baba yangu ukimtajia wosia anakuuliza unataka afe lini. Nimwingieje?

Mama Wawili
Usimtajie. Mpelekee daftari na kalamu, mwambie akuandikie majina ya ng'ombe walioko kwa watu na nani anamlea yupi. Mzee akianza kuhesabu mali yake hatanyamaza, mashamba atayaingiza mwenyewe.

Mzaramo wa Pwani
Hahaha, nalichukua hilo. Na mfanye siku ambayo hajanyimwa ugoro.

Mwanakihamba
Turudi kwangu sasa. Masale niyang'oe niyarudishe?

Mkongwe wa Ukoo
Usiyaguse peke yako. Hapa nakushauri kama mwanangu: ita majirani wa pande zote nne, wazee wanaoukumbuka mpaka, na mjumbe. Mpaka unarudishwa mchana.

Mtembea Mahakamani
Hapo nakubaliana na mzee. Ikishindikana nenda baraza la kata, ila siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Uamuzi uko baraza la ardhi la wilaya.

Mleta mada
Swali langu la mwisho. Kwetu kikao cha ukoo kilimpendekeza kaka mkubwa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua msimamizi wa mirathi. Amepangisha nyumba, anauza mbuzi, mwaka wa tatu huu hakuna mgawo wala hesabu.

Mtembea Mahakamani
Msimamizi si mrithi mkuu, mkuu. Alitakiwa ndani ya miezi minne apeleke fomu namba 5 ya orodha ya mali na madeni, kisha namba 6 ya hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Nenda mahakama ileile iliyomteua, taja namba ya shauri la mirathi, omba aitwe aeleze. Akishindwa, wanaweza kumwondoa wakateua mwingine.

Binti Mkubwa
Na mama yenu aende naye siku hiyo, akae mbele.