Jamvi futi 30 kwa 24: fundi anataka mifuko 60 ya saruji, ni sawa?

Mama Nuru
Wakuu, habari za jioni. Nyumba yangu Chanika imefika hatua ya jamvi (sakafu ya zege). Ni futi 30 kwa 24, unene inchi 4, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Fundi kaandika mifuko 60. Jirani anaapa 40 inatosha na kubaki. Naombeni hesabu ninayoweza kuifuata mwenyewe kabla sijatoa hela.

Kijana wa Mbagala
60 unapigwa hapo. Nunua 40, ikipungua utaongeza.

Mzee wa Zege
Dada, usinunue 40, na fundi usimwite mwizi bado. Saruji ikiisha jamvi likiwa nusu, pale utakapounganisha kesho yake ndipo patakapopasuka.

Kwanza vipimo vyote viwe vya aina moja. Inchi 4 ni theluthi ya futi. 30 × 24 ni futi za mraba 720, theluthi yake futi za ujazo 240. Mita moja ya ujazo ina futi za ujazo 35.3, kwa hiyo zege lako ni mita za ujazo 6.8.

Vitu vikiwa vikavu hujaza nafasi kubwa kuliko zege lililoshindiliwa, kwani mchanga na saruji huingia kwenye matundu ya kokoto. Ndiyo maana tunazidisha kwa 1.54: inakuja mita za ujazo 10.5. Gawa kwa 7 (yaani 1+2+4), fungu moja ni 1.5. Basi saruji 1.5, mchanga 3, kokoto 6. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo ni mifuko 43. Weka 45, kuna kumwagika.

Sasa 60 ya fundi. Kabla ya kugombana, funga kamba kwenye usawa wa juu wa jamvi, ukutani hadi ukutani, upime kwenda chini hadi kwenye mawe, sehemu nyingi. Kwa eneo lako, kila inchi moja inayozidi inakula karibu mifuko 11. Saruji nyingi hupotelea hapo, kwenye kifusi kisichosawazishwa, na mwenye nyumba haoni.

Mama Nuru
Asante sana baba. Nimefunga kamba leo. Pembeni ni inchi 4, ila sebuleni inafika 5 na nusu. Na kokoto je? Muuzaji ananiambia "lori la tani 7" tu.

Mzee wa Zege
Umeona! Jaza hayo mashimo kwa moramu (udongo wa changarawe), mwagia maji, shindilia, kisha pima tena. Ni nafuu mno kuliko kujaza kwa zege.

Tani ni uzito, wewe unahitaji ujazo. Chukua futikamba, pima bodi la lori kwa ndani: urefu × upana × kimo cha mzigo uliosawazishwa, kwa mita. Unataka mita za ujazo 6 za kokoto, kama tani 9. Mchanga mbichi huvimba, agiza 3 na nusu.

Siku ya kumwaga simama penye ndoo za lita 20. Kila mfuko: mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7, maji lita 25 hadi 27, na mchanga ukiwa mbichi, maji yapungue. Vijana wakiongeza maji ili zege lilainike, wakatalie.