Nataka kumrudisha mama kwao kisiwani Pate, Lamu, kwa yoti ya kukodi, lakini sote tunapatikana Julai tu. Nishaurini

Binti wa Umoja

Hamjambo wenzangu. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili nimelibeba moyoni muda mrefu.

Mama yangu anatimiza miaka 70. Alizaliwa Faza, kisiwani Pate, akaletwa Nairobi akiwa msichana, akaolewa huku, akatulea sisi wanne kwa kuuza mahamri na viazi karai hapa Umoja. Tangu alipomzika babu mwaka 1998 hajakanyaga kwao. Hadi leo akitaka kuanika nguo hutazama juu kwanza, aseme upepo unatoka wapi, ndipo aanike.

Tumechanga miaka mitatu. Mpango ni siku nne: ndege kutoka uwanja wa Wilson hapa Nairobi hadi kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, kisha yoti ya kukodi peke yetu, tulale humo humo. Lamu, magofu ya Takwa, Pate, Faza, halafu Kiwayu na kurudi. Tuko wanane, wawili ni watoto. Tumepata katamarani, yaani yoti ya miili miwili, ya vyumba vinne, ina nahodha, mpishi na baharia mmoja. Wanataka shilingi 480,000 kwa siku hizo nne, na nusu yake itumwe ndani ya saa 48 kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Ndugu yangu anayefanya kazi Ujerumani hupata likizo Julai peke yake. Je, Julai bahari inafaa? Pesa nitume? Na mama magoti yanamsumbua, atapandaje chomboni?

Mkulima wa Limuru

Kwa nini msiende Kilifi? Treni ya SGR hadi Mombasa, gari kidogo, mmefika. Pale horini maji yametulia na vyombo vya kukodi vipo.

Binti wa Umoja

Asante kaka, Kilifi naipenda. Lakini mama kwao ni Faza.

Wakili Mdogo

Dada, usitume hata senti kwa namba ya mtu. Ukipewa saa 48 za kutoa shilingi 240,000, hizo saa ni za kukuzuia usiulize. Omba jina la kampuni iliyosajiliwa, akaunti ya benki au namba ya biashara yenye jina hilo hilo, na mkataba ulioandikwa. Mkataba useme mafuta ni ya nani, chakula ni cha nani, na mkizuiwa na hali ya hewa mnarudishiwa nini au mnabadilishiwa tarehe vipi. Hicho cha mwisho kwako ndicho kikubwa, maana unasafiri msimu wa upepo. Uliza pia cheti cha chombo na leseni ya nahodha kutoka mamlaka ya bahari, KMA, na bima ya abiria. Mwenye chombo halali hukutumia picha za karatasi hizo siku hiyo hiyo.

Mwaka juzi mimi nilituma arubuni ya mashua kwa mtu aliyekuwa na picha nzuri sana mtandaoni. Tulifika gatini na mabegi, watoto wameshavaa nguo za kuogelea, simu haipatikani. Picha zilikuwa za chombo cha mtu mwingine. Sitaki yakupate.

Foromali

Nimefanya kazi ya chombo Lamu miaka mingi kabla ya kuhamia South C, kwa hivyo hili la Julai niachieni.

Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini, tena kusi iliyokomaa. Inaanza karibu Aprili na kulegea kuelekea Septemba, na Juni na Julai ndiyo miezi inayovuma kwa nguvu. Nje ya visiwa mawimbi ni makubwa, na mtu wa miaka 70 hana haja ya kupigwapigwa huko. Ungekuwa na uhuru wa tarehe ningekwambia ungoje tanga mbili, Oktoba hadi Novemba, pepo zinapobadilishana zamu na bahari inalala, au kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikishatulia, Januari hadi Machi.

Lakini usikate tamaa. Uzuri wa Lamu ni kwamba kuna njia ya ndani. Kutoka Manda mnapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara, mnatokea ghuba ya Manda, mnavuka hadi Mtangawanda kisiwani Pate, kisha mnazunguka Pate kwa upande wa bara hadi Siyu na Faza. Visiwa vyenyewe vinakukingia upepo. Kiwayu ndiyo muiache. Mkiondoka kwenye kinga ya Pate mtakutana na mawimbi yote yanayotoka bahari kuu.

Sasa sikiliza vizuri: njia ya ndani inaendeshwa na maji, si saa ya mkononi. Mkanda hupitika maji yakijaa. Yakipwa unabaki mchanga na matope, chombo kinakaa. Kwa pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa karibu saa nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, yanajaa karibu saa nne lakini hayapandi sana. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hivyo kabla ya kukata tikiti za ndege tazama mwezi. Ukishuka Manda saa tano asubuhi siku ya bamvua, utakaa ukitazama matope hadi jioni.

Katamarani ni chaguo zuri kwa sababu haina mkuku mrefu, ule uti wa chini ya chombo, wa kukwama. Hata hivyo muulize nahodha chombo chake kinahitaji maji ya kina gani, na kama amewahi kukipitisha Mkanda yeye mwenyewe.

Nyanya wa Buruburu

Mwanangu, Mungu akubariki kwa kumkumbuka mama.

Kuhusu magoti. Mimi nina 66 na nilipanda mashua pale Manda maji yamepwa. Ngazi za gati zilikuwa na mwani, chombo kiko chini kabisa, kijana amesimama mguu mmoja ukingoni mwa chombo na mmoja ngazini, amenishika kiwiko. Nililia kwa woga. Kurudi tulipanda maji yamejaa, ukingo wa chombo uko sawa na gati, nikavuka kama navuka mtaro. Basi kila mahali pa kupanda na kushuka panga wakati wa maji kujaa. Mwombeeni chumba kilicho karibu na choo, na watoto wavae jaketi za kuokoa maisha za saizi yao, si za watu wazima.

Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda, si baada ya kutapika. Kama mama anatumia dawa za presha, daktari aambiwe kwanza. Na chandarua msisahau, Lamu si Nairobi kwa malaria.

Binti wa Umoja

Nimerudi. Asanteni wote, sana.

Yule wa kwanza nilimwomba leseni ya nahodha. Alisema niharakishe, kuna wateja wengine, nikamwachia hao wateja. Tumepata mwingine, ametuma vyeti na mkataba, akaunti ni ya kampuni, ni shilingi 35,000 zaidi. Tumekubali. Kiwayu tumeitoa.

Jana usiku nilimwambia mama, maana tarehe siwezi kuichagua bila yeye. Alikuwa anakanda unga. Nilipotaja Julai akasema, "Kusi hiyo. Hatutoki nde," yaani nje baharini. Nikamweleza njia ya ndani. Akanyamaza, akafuta mikono, akaanza kuhesabu kwa vidole akitumia mwezi wa Kiislamu. Akasema, "Natwende mwezi kumi na mbili. Mai yatajaa saa nane kasoro." Yaani siku ya kumi na mbili tangu mwezi kuandama, si Desemba, na mai ni maji.

Foromali, ni kweli?

Foromali

Nimepiga hesabu mara mbili. Mwezi kumi na tano yanajaa karibu saa kumi, rudi nyuma siku tatu, ni saa saba na nusu hivi. Ndege ya asubuhi inawahi, mnakula Lamu, mnaingia Mkanda maji yakiwa juu. Kata tikiti. Na mkifika Mkanda mkalisheni mama mbele, omoni, upande wa mikoko.