Sumu ya oganofosfeti kwenye mtihani wa dharura: atropini unaishia wapi?

zamu_ya_usiku
Wakuu, napitia maswali ya sumu za oganofosfeti, yaani aina ya dawa za wadudu, moja limenikwamisha. Mgonjwa kanywa dawa ya kunyunyizia mboga. Mate na jasho vinamtoka, mboni kama ncha ya sindano, mapigo 48, kifua kinakoroma pande zote mbili. Kapewa atropini mg 2, dawa ya kukausha majimaji na kupandisha mapigo. Dakika 5 baadaye mapigo 124, kifua bado kinakoroma. Nilijibu "simamisha atropini" nikakosa. Na pralidoksimu, dawa nyingine ya sumu hii, inaingia wapi?

kifua_kikavu
Jibu ni kuongeza dozi maradufu. Anayekufa mapema kwa sumu hii anazama kwenye majimaji ya mapafu yake mwenyewe, au misuli ya kupumua inagoma. Mapigo kwenda mbio hakuzuii atropini: yanaweza kuwa ni upungufu wa oksijeni, au sumu yenyewe inachochea vipokezi vya nikotini.

Kwa hiyo 2, halafu 4, 8, 16, kila baada ya dakika 5 ukisikiliza kifua. Kufika dakika ya 15 umeshatoa mg 30. Kwa ampuli za mg 1 hizo ni ampuli 30, agiza boksi zima mapema.

Unaacha kuongeza kifua kikiwa kikavu, mapigo yakiwa juu ya 80 na presha ya juu ikipita 80. Mboni zisikusumbue, huchelewa kufunguka. Mtego mwingine: mkoromo uliobaki sehemu moja tu, hasa chini kulia, huenda ni matapishi yaliyoingia pafuni. Huo hata ampuli 100 haziukaushi.

dripu_taratibu
Naongezea. Kifua kikikauka, weka dripu ya asilimia 10 hadi 20 ya jumla uliyotoa, kwa saa. Kwa mg 30 ni mg 3 hadi 6 kwa saa. Tumbo likinyamaza, homa ikipanda, akaanza kuweweseka na mkojo ukagoma, umezidisha: funga dripu, dalili zikitulia uanze tena chini ya kiwango cha mwanzo.

Pralidoksimu haikaushi kifua, kazi yake ni kwenye misuli. Inafuata baada ya atropini: mg 30 kwa kilo ndani ya dakika 30, kisha mg 8 kwa kilo kwa saa. Ukiisukuma haraka moyo unaweza kusimama.

Ukiweka mpira wa kupumulia, epuka suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli. Kimeng'enya kinachoivunja ndicho kilichozimwa na sumu, kwa hiyo mgonjwa atapooza kwa saa kadhaa. Tumia rokuroniamu.

zamu_ya_usiku
Asante sana. Akikauka na kuzinduka, wodi ya kawaida inatosha?

kifua_kikavu
Hapana. Kati ya saa 24 na 96 misuli inaweza kulegea upya, hata kama mate yamekauka kabisa. Kila zamu mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Kikishindikana, andaa mashine ya kupumulia kabla oksijeni haijashuka.

mfugaji_dokta
Angalieni pia amitrazi, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mboni ndogo, mapigo ya chini, usingizi mzito, watu wanakimbilia kusema oganofosfeti. Lakini ngozi kavu, misuli haichezi, na sukari imepanda. Hapo atropini ni ya mapigo tu, usihangaike kukausha kitu.