Brashi ya kaboni, kuosha au bastola ya statiki: kipi kinafaa kwa santuri?

Kiangazi_Buhongwa:
Mwangaluka wakuu. Nina santuri kama 40, nusu za mitumba nimeokoteza soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, nusu mpya kabisa bado zinanukia plastiki. Tatizo vumbi, huku kwetu kiangazi hiki ukifungua dirisha dakika tano umekwisha, na cha ajabu hizo mpya ndo zinashika vumbi kuliko za zamani, nikichomoa kwenye kava nywele za mkono zinasimama. Nafuta na fulana ndo inazidi kuvuta. Kuna brashi ya kaboni, kuna kuosha, kuna bastola ya kuua statiki, yaani huo umeme wa msuguano unaovuta vumbi. Nianze na kipi, hela yenyewe ya mawazo?

Fundi_Igoma:
Fulana acha leo leo mkuu. Kusugua kavu ndo kunatengeneza huo umeme, yaani unafuta huku unachaji. Mpya nyingi zinakuja kwenye karatasi, ukichomoa inasuguana na plastiki, hapo hapo inavuta vumbi. Chukua brashi ya kaboni, nyuzi zake zinapitisha umeme unashukia mkononi kwako. Acha santuri izunguke, gusisha tu usikandamize, mizunguko miwili mitatu basi. Ila uchafu uliogandia chini kwenye mifereji hautoki kwa brashi, usijidanganye.

SangaraWaKirumba:
Bastola ninayo. Unaminya polepole inatoa chaji chanya, ukiachia inatoa hasi, statiki kwisha. Vumbi sasa liko pale pale hahaha, bado unarudi kwenye brashi. Hela yake bora uongeze santuri.

MamaKinanda:
Za mitumba ni kuosha tu mwanangu, hakuna mjadala. Mimi natumia maji ya betri yale safi ya sheli (SOMA CHUPA isije ikawa asidi!!), tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha maikrofaiba, nafuata mzunguko wa mifereji sikati katikati, na lebo siilowanishi. Halafu nasuuza na maji hayo hayo bila sabuni maana ikikaukia humo itazolewa na sindano. Ya bomba yakikauka yanaacha chumvichumvi. Nasimamisha kwenye kichanja cha vyombo ndani, siyo juani inapinda, wala barazani jioni, wale wadudu wa ziwani wakivuma unaosha upya.

Kiangazi_Buhongwa:
Asante mama. Na spiriti je?

Fundi_Igoma:
Vinaili, yaani plastiki ya santuri kama zako, inavumilia kidogo ikichanganywa na maji mengi. Zile nzito za zamani za 78 (mizunguko 78 kwa dakika) usithubutu, nyingi ni shelaki, aina ya utomvu siyo plastiki, spiriti inaziyeyusha.

Kiangazi_Buhongwa:
Mrejesho: nimeosha tatu jana. Moja ile kelele ya kukaanga dagaa imekwisha, ya pili imepungua, ya tatu ina mkwaruzo mpaka sindano inaruka, hiyo hata uiogeshe ziwa zima. Mpya nimepitisha brashi tu. Sasa nataka kutupa kava za karatasi niweke za ndani za nailoni, Mwanza hapa zinapatikana?

SangaraWaKirumba:
Mi nimezunguka sijaziona. Tuchange tuagize, nahitaji 50.